Chupa Isiyofunguliwa Jeddah

Malaz, Riyadh
Alhamisi, baada ya alasiri

Oghogho, mwanangu,

Habari za pasi, chanjo, koti la mvua na dawa za malaria umekwisha kuambiwa na mama yako mara tatu, na mara ya nne anakuambia sasa hivi. Namsikia kutoka chumba cha pili akigombana na zipu ya sanduku. Hapo mimi sina la kuongeza. Mimi nakuandikia juu ya chupa.

Utaisoma barua hii kesho garini. Kutoka hapa hadi Jeddah ni siku nzima ya lami na jangwa, na Mjomba Wafula hapendi abiria anayesinzia kiti cha mbele, kwa hiyo wasaa utakuwa nao. Nakuomba uimalize kabla hatujafika nyumbani kwa Papa Ogaga, ami yake mama yako, atakayesafiri nanyi usiku. Mwishoni mwa barua kuna jambo nitakalokuomba, nalo haliwezi kungoja uwanja wa ndege.

Una miaka kumi na mmoja. Wapo wanaosema kwamba mtoto wa umri huo asielezwe makosa ya baba yake. Wengi wa wanaosema hivyo nawajua kwa majina, na najua wanachokificha. Mimi nitakueleza langu, kwa sababu unakwenda kuishi ndani yake.

Unakwenda kwa Waisoko, watu wa mama yako, katika delta ya mto Niger huko Nigeria, kijiji kilicho jirani na Uzere. Katika miaka yote ya ndoa yetu baba yako hajakanyaga huko. Ukiulizwa sababu, usitaje kazi, wala ikama, kile kibali cha kukaa hapa, wala kafili, mdhamini wangu, aliyenikatalia ruhusa. Hizo ndizo sababu nilizozoea kuzitoa, nazo ni uongo wa mtu mwenye nyaraka nyingi. Sikwenda kwa kuwa sikukaribishwa, na sikukaribishwa kwa ajili ya maneno niliyoyasema ndani ya dakika ishirini katika sebule moja ya Sharafiya, Jeddah, mwaka mmoja kabla hujazaliwa.

Nilikuwa na miaka ishirini na mitatu. Nilikuwa nimetoka kupata shahada ya historia, na niliibeba kila mahali kama mtu aliyenunua saa mpya anavyokunja mkono wa kanzu. Nilisoma kila kitu na kubishana na kila mtu. Nilibishana na imamu, na daktari wa meno, na mwenye duka la matairi. Ubishi wenyewe sijaujutia, maana watu wengi niliobishana nao walikuwa wapumbavu na bado ni wapumbavu. Ninachojutia ni kwamba sikuwahi kujiuliza kama chumba nilichoingia ni chumba cha kubishana.

Na kiburi kile sikukiokota njiani; nililelewa nacho. Unawajua watu wetu wa Jeddah. Walitoka Unguja mwaka wa sitini na nne wakiwa na mabegi na funguo za nyumba ambazo hawakuzirudia, na tangu siku hiyo kazi yao kubwa imekuwa kuhesabu mababu. Bibi Salma, nyanya yangu, anakuhesabia wa kwake mmoja mmoja hadi Hadhramaut bila kupumua. Miaka sitini wamekaa hapa wakijiita Waarabu, na kila ikama zao zinapokaribia kuisha wanapanga foleni pamoja na wapishi na madereva ambao hawawezi kuwaita hata kwa jina. Wenye nchi hawajawahi kuwauliza habari za Hadhramaut. Wanawauliza karatasi.

Mimi niliwacheka kwa hilo, na nikadhani kuwacheka kunanitoa miongoni mwao. Nilikuwa na nasaba yangu nyingine tu: wao walihesabu mababu, mimi nilihesabu vitabu.

Mama yako nilikutana naye hospitalini hapa Riyadh. Alikuwa muuguzi, mimi nilikuwa nimeitwa kumtafsiria mgonjwa mmoja wa Kikenya aliyevunjika mguu. Daktari alisema sentensi moja, mimi nikasema sita. Mama yako akainua macho kutoka kwenye bandeji.

“Wewe unatafsiri,” akaniuliza, “au unahutubia?”

Nikajua kwamba nitamuoa.

Nilipompeleka Jeddah kwa Bibi Salma, mama yako alipika chakula cha kwao ili kumheshimu mwenye nyumba. Alipika usi, ule ugali wa wanga wa muhogo unaovutika na kung'aa manjano kwa mafuta ya mawese, na mchuzi wake. Bibi Salma akaugusa kwa ncha ya kidole, akauvuta, ukavutika naye.

“Mjukuu wangu,” akaniambia, bila kumtazama mama yako, “hii si gundi ya kubandikia karatasi?”

Mama yako alikuwa amekwisha kujifunza Kiswahili cha kutosha. “Ndiyo, Bibi,” akajibu kwa upole. “Ndiyo maana ukoo wetu haujabanduka pale ulipo.”

Nilicheka hadi nikatoka machozi. Nilidhani niko upande wa mama yako. Miezi miwili baadaye nilikwenda kwa watu wake na kufanya baya kuliko la Bibi Salma, kwa maana Bibi angalau aligusa kwanza.

Hati ya ndoa tulikuwa nayo tayari, na mihuri yake yote. Mimi nafanya kazi katika ofisi ya tafsiri, Sulimaniyah, naamini mihuri. Mama yako akaniambia kwamba kwao hati hiyo haitoshi, kwamba lazima twende kwa Papa Ogaga, anayesimama hapa badala ya baba yake, na kwamba lazima niende na mtu wa kunisemea. Kwao kuna msemaji wa ukoo, wanamwita otota. Kila upande una wake. Bwana harusi hukaa, husikiliza, huonwa. Haongei.

“Haongei?” nikamuuliza.

“Haongei.”

“Kwa hiyo nitafute mtu asiyejua ninachotaka, aende kuwaambia ninachotaka.”

“Utafute mtu aliyekubali kusimama nawe,” akasema mama yako. “Wanataka kumwona huyo. Wewe wamekwisha kukuona.”

Nilimwambia kwamba ni mila ya zama za giza. Kumbuka, mwanangu, mimi ni mtu wa pwani kwa asili. Sisi tuna mshenga. Hakuna Mswahili aliyejipeleka posa mwenyewe akaonekana ana akili. Nililijua hilo tangu utotoni na sikuliona kuwa ni jambo lile lile, kwa sababu la kwetu niliita adabu na la kwao niliita giza.

Wafula ndiye aliyetuendesha siku ile pia. Wakati huo alikuwa dereva wa familia moja hapa Malaz, akaomba siku mbili kwa madam wake kwa kisingizio cha jino. Alivaa suti. Nilimuuliza suti ya nini.

“Bosi, naenda mahali pa posa,” akasema. “Hauwezi jua. Labda mtu atanihitaji.”

Sikumwelewa, au nilimwelewa nikampuuza.

Sebule ya Papa Ogaga ilikuwa imejaa. Walikuja Waisoko wa Jeddah wote, na si wengi: wauguzi, mafundi wa mitambo, mwalimu mmoja, wake na waume, wamekaa kwa umri kama wanavyokaa kwao, mkubwa ndani kabisa na mdogo karibu na mlango. Juu ya meza palikuwa na simu imefunguliwa sauti, na upande wa pili wa simu, barazani kwake kule Isoko, alikuwapo babu yako. Ungeweza kumsikia jogoo wake.

Kila mgeni aliyeingia aliinama na magoti yakagusa zulia, akasema, “Digwo.” Ndiyo salamu yao kwa mkubwa: niko magotini. Na mkubwa alimwinua kwa maneno na kwa mkono. Mimi niliingia nikasimama, nikampa Papa Ogaga mkono kama ninavyompa karani wa benki. Aliutazama kidogo, kisha akaupokea.

Akaleta sinia. Juu yake palikuwa na kokwa za kola na chupa moja. Kwao mgeni wa jambo zito huwekewa kinywaji kikali, kikafunguliwa, kikamiminwa tone kwa waliotangulia, ndipo neno likaanza. Hapa sheria hairuhusu, kwa hiyo Papa Ogaga alikwenda dukani akanunua kinywaji cha shayiri kisicho na kilevi, cha ladha ya tufaha, kile kile unachokunywa wewe siku za joto. Nikacheka. Nakuandikia hivyo hivyo: nilicheka kwa sauti.

“Mizimu yenu,” nikasema, “inakunywa sharubati ya tufaha?”

“Mizimu yetu, kijana wangu,” akajibu Papa Ogaga, “inaheshimu sheria ya nchi iliyoikaribisha. Msemaji wako yuko wapi?”

“Ni mimi.”

“Wewe ndiye bwana harusi.”

“Na msemaji pia.”

Mama Ogaga, mkewe, akapiga kofi pajani. “Basi na mahari ajipe mwenyewe!” akasema, na chumba kizima kikacheka. Ulikuwa mlango wa kutokea, mwanangu. Alinifungulia kwa mzaha ili nicheke nao, nikae, jambo lianze upya. Wafula akaniinamia sikioni: “Bosi, nikusemee. Niko na suti.” Nikamwambia akae.

Kisha nikaongea.

Nilikuwa nimejiandaa kwa vitabu vitatu. Viwili viliandikwa na watu waliopita nchi ile wakiwa wamebebwa machelani na wenyeji wake, na cha tatu kilinakili viwili vya kwanza. Niliwaambia wazee wale asili yao. Niliwaambia kwamba wao ni tawi la jirani zao Waurhobo, kwamba wakoloni waliwaweka wote chini ya jina moja na huenda hawakukosea sana. Kwamba wote walitoka katika ufalme wa kale wa Benin, na kwamba huu Uisoko wanaoushikilia ni jambo la juzi. Niliwaeleza habari za ziwa la Uzere, ambako zamani mtuhumiwa wa uchawi aliingizwa majini, na kuzama kwake kukawa hukumu. Nikasema hilo ndilo jambo pekee ambalo dunia inalijua juu yao. Nilitaja na mafuta. Nikasema ni watu gani hawa ambao ardhi yao inatoa mafuta tangu karibu na uhuru wao, na bado mzee wao anaongea nami kwa simu inayochajiwa kwa jenereta.

Nilisema hayo, mwanangu, huku nimekalia kiti chao.

Hakuna aliyenikatiza. Hilo nalo nililielewa vibaya, nilidhani wameshindwa. Nilipomaliza, simu ikatoa sauti ya babu yako, polepole, kwa Kiisoko. Papa Ogaga akatafsiri, kwa ufupi, bila kuongeza neno. Yeye ni mtafsiri bora kuliko mimi.

“Baba anauliza: kijana huyu ametumwa na nani?”

“Sijatumwa na mtu,” nikasema. “Mimi ni mtu mzima na nina shahada. Nimejituma mwenyewe.”

Jogoo aliwika kule. Kisha babu yako akasema tena.

“Baba anasema,” akasema Papa Ogaga, “kinachokuja bila kutumwa ni mvua. Na mvua hatuifungulii mlango.”

Akainuka, akaichukua ile chupa, akaifuta vumbi ambalo halikuwapo, akaiweka ndani ya kabati la vioo, kati ya vikombe na picha ya mahafali ya mwanawe. Hakunifukuza. Mama Ogaga alitupakulia wali na samaki na akaniongezea nyama. Lakini chupa haikufunguliwa, na kwa Waisoko wa Jeddah na wa kwao, posa yangu haijasikika hadi leo.

Njiani kurudi mama yako aligeuzia uso dirishani hadi Taif. Wafula ndiye aliyesema, huku ametazama barabara.

“Bosi, kwetu hata profesa akienda kuposa, ananyamaza. Anakula, anatingisha kichwa, halas.”

Nilimjibu kwamba kwao pia ni giza. Sikuwa nimejifunza kitu.

Bibi Salma nilimsimulia nikitarajia anisifu, maana nilikuwa nimewatweza watu aliowatweza yeye. Akaacha tasbihi yake.

“Ulikwenda posa bila mshenga?” akasema. “Hata punda huenda sokoni na bwana wake.”

Ndivyo nilivyogundua kwamba bibi yangu na babu yako, ambao hawawezi kuketi meza moja, wanakubaliana juu yangu.

Sasa nikueleze nilichokosea kwa hoja, maana najua utabisha, umerithi. Kuna mtu atakayekuambia kwamba yale niliyoyasema mengine yalikuwa kweli. Ziwa lipo, na kiapo kile kilikuwapo. Koo kadhaa za Isoko zenyewe husimulia safari kutoka Benin. Lakini nyingine husimulia kwamba zilitoka upande wa Waigbo, nyingine upande wa Waijaw, na zipo zinazosema hazikutoka popote: zilikuwapo, na wengine wote wakazikuta. Kila ukoo una hadithi yake, na hawakuwahi kuwa na mfalme mmoja wa kuwalazimisha kusimulia moja. Mwandishi wa machelani hakuweza kuvumilia hilo. Alitaka mstari mmoja kwenye ramani yake, akawapa jina moja pamoja na jirani zao, akaenda kulala. Wao wakabaki wanadai kwa miaka mingi waandikwe kwa jina lao wenyewe. Mimi nilikwenda kumwambia mzee aliyekulia ndani ya madai hayo kwamba mwenye machela hakukosea sana. Na mimi ni mjukuu wa watu wanaolia usiku na mchana kwamba hawakuitwa wanavyotaka kuitwa!

Dharau ni uvivu wa msomi. Nilikuwa nimesoma juu ya watu ambao sikuwahi kuwaamkia.

Na habari ya mafuta ndiyo inayoniunguza zaidi. Unauona mji huu. Mafuta yameinua minara ambayo huwezi kuona ncha zake siku za vumbi. Kule kwa babu yako mafuta yale yale yametolewa chini ya mashamba ya muhogo, na kilichobaki ni moto wa gesi unaowaka pembeni mwa anga na mabwawa ambayo samaki wake wana ladha ya chuma. Mama yako alinieleza hayo mwaka wetu wa kwanza. Nilimsikia. Kisha nikaenda kumuuliza baba yake, mbele ya watu, kwa nini hana umeme, kana kwamba yeye ndiye aliyeuchukua.

Kuna jambo moja dogo kuliko hayo, na wewe ulikuwapo. Ulikuwa na miaka minne. Mama yako alikuwa amekufundisha, bila kuniambia. Nilirudi kutoka Sulimaniyah nimechoka, ukaja mlangoni ukapiga magoti juu ya vigae, ukasema, “Digwo, Baba.” Nilikushika mkono nikakusimamisha kwa nguvu. Nikakuambia kwamba binti yangu hapigi magoti kwa mtu yeyote, na nikaendelea kukueleza, wewe wa miaka minne, habari za utumwa. Ulilia. Hukunipigia magoti tena, wala hukuniuliza tena neno lolote la Kiisoko.

Mimi nimekua nikisema shikamoo na kubusu mikono ya kila mzee wa Jeddah, wakiwamo wanafiki, na hakuna siku niliyoona naonewa. Na ilinichukua miaka, siku moja nikimtazama mama yako akimwamkia Papa Ogaga, kuona nisichokuwa nimekiona: kwamba mkubwa naye huinama. Hawezi kukuinua bila kuinama. Salamu ile ni ya watu wawili. Wewe uliinama, na wa pili hakuwapo.

Sitakuambia uishije kule. Nimepoteza haki hiyo, na pia nisingejua. Nitakuonya juu ya jambo moja tu, kwa kuwa nalijua kutoka ndani. Utafika ukiwa na Kiingereza cha shule ya Riyadh, na simu nzuri, na macho ya baba yako. Siku ya tatu au ya nne, utamwona mtu akifanya jambo usilolielewa, pengine mwanamke anakanda wanga kwa mikono ya subira, pengine wazee wanabishania nani akae wapi, na sentensi nzuri itakuja mdomoni mwako, ya kuchekesha, kali, iliyokamilika. Utaijua kwa utamu wake. Ni yangu. Imeze.

Na watu wa hapa wanaokuuliza, “Nigeria? Si kwa wale matapeli?” hao usiwamezee neno. Hao wajibu.

Sasa jambo lenyewe.

Babu yako anaumwa. Mkataba wa mama yako hospitalini umekwisha, naye anarudi kumuuguza. Nawe unakwenda kwa sababu babu amekuita kwa jina. Mimi sikuitwa. Kwa mila yao, kwa kuwa chupa haikufunguliwa, mama yako bado ni binti wa nyumba ile asiyeolewa, na wewe ni mtoto wa babu yako, si wangu. Nikija, nitakuja kama mgeni wa kijiji. Sitaingia sebuleni mwake, na akifa, sitasimama miongoni mwa wakwe wanaomzika. Zamani nililisikia hilo nikacheka, nikaonyesha hati yangu na mihuri. Mwezi huu niliitoa tena ile hati nikaitazama. Haijui mlango wowote kule.

Kwa hiyo nimeomba kusikilizwa upya. Papa Ogaga amekubali: kesho, kabla ya safari, sebuleni pale pale, babu yako akiwa kwenye simu. Chupa bado imo kabatini. Nilimwambia kwamba kinywaji chenyewe kimeharibika zamani. Akasema, “Wewe ndiye uliyekuwa umeharibika, kijana wangu. Chupa ilikuwa inangoja.”

Lakini nilihitaji wa kunituma. Nilikwenda kwa Bibi Salma nikambusu mkono.

“Nikutume wewe ukapige magoti kwa Wanigeria?” akasema. “Nife kwanza.”

Ami zangu watatu walisema hivyo hivyo, kwa maneno ya adabu zaidi na mioyo midogo zaidi. Ukoo mzima unaohesabu mababu hadi Hadhramaut haukuweza kutoa mtu mmoja wa kunituma hadi Sharafiya, mwendo wa robo saa kwa teksi.

Wafula ndiye msemaji wangu. Ameipeleka ile suti kwa dobi. Wiki nzima amekuwa akijifunza kutamka “Digwo” kwa mama yako, na mama yako anasema anaitamka kama mtu anayeita ng'ombe, lakini magoti yake yanafika chini vizuri. Jana aliniuliza, na hakuwa anatania:

“Bosi, yule mzee atauliza tena. Umetumwa na nani? Nikisema nimekutuma mimi, watacheka. Mimi si ukoo wako. Nitajibu nini?”

Tulikaa ndani ya gari, nje ya ofisi, hadi mlinzi akaja kugonga kioo: yalla, ondoeni gari. Na hapo ndipo nilipoona kwamba mila ile niliyoicheka imeniachia tundu moja. Mimi si mtu wa nyumba ile. Mama yako hawezi kunituma kwa baba yake, maana ndiye anayeposwa. Lakini wewe ni mtoto wa nyumba ile. Wamesema wenyewe, na mtoto wa nyumba anaweza kunituma.

Kesho swali litakapoulizwa, Wafula hatajibu. Atageuka akutazame. Simu itakuwa mezani, na utasikia pumzi za babu yako, na labda jogoo, kama wanaye bado. Sijamwambia mama yako, ili asikushawishi. Sikuambii useme nini. Ukikumbuka vigae vya mlangoni ukaona toba yangu haitoshi, tazama dirishani tu. Wafula ataelewa, Papa Ogaga atairudisha chupa kabatini, tutakula wali na samaki, nami nitawapeleka uwanjani. Sitakuuliza kamwe, kesho wala ukiwa mtu mzima.

Mimi nitakuwa chini, magoti yamegusa zulia, na mdomo nimeufunga.

Baba yako